Marshali Aliyebeba Jina la Mwenziwe

Miongoni mwa majemadari walioongoza ndege za vita za Urusi kupigana na Wajerumani alikuwamo Sergei Khudyakov. Jina hilo ni la Kirusi, lakini mwenyewe hakuwa Mrusi. Alikuwa Mwarmenia, na wazazi wake walimwita Armenak Khanferiants. Alizaliwa mwaka wa 1902 katika kijiji cha Mets Tagher, milimani Karabakh, wakati nchi zile zilipokuwa chini ya mfalme wa Urusi.

Akiwa kijana alikwenda Baku, mji wa visima vya mafuta, na mwaka wa 1918 akajiunga na Walinzi Wekundu, yaani wafanya kazi walioshika bunduki. Inasimuliwa ya kwamba alikuwa na rafiki Mrusi aliyeitwa Sergei Khudyakov. Rafiki huyo alipouawa vitani, Armenak alilichukua jina lake lisipotee, na hakuliacha tena.

Alianza uaskari juu ya farasi. Alikuwa na miaka 34 alipohitimu Chuo cha Jeshi la Anga cha Zhukovsky, mwaka wa 1936. Wajerumani walipoukaribia mji wa Moscow mwaka wa 1941, yeye alikuwa mnadhimu mkuu wa ndege zilizoulinda upande wa magharibi. Mwaka uliofuata akapewa kuziongoza. Mwaka wa 1943 akawa mnadhimu mkuu wa Jeshi zima la Anga, na Agosti 1944 akapandishwa kuwa Marshali. Watu humsifu rubani, na ni haki yake; lakini rubani haruki bila petroli, mabomu, uwanja na amri iliyofika kwa wakati. Kazi hiyo isiyoonekana ndiyo iliyokuwa ya Khudyakov.

Februari 1945 alikuwa Yalta, walikokutana Stalin, Roosevelt na Churchill. Huko alizungumza na wakuu wa ndege wa Uingereza na Marekani juu ya mpaka wa kutupa mabomu, ili ndege za upande mmoja zisije zikawapiga askari wa upande wa pili. Agosti mwaka huo huo aliongoza Jeshi la 12 la Anga dhidi ya Wajapani katika Manchuria. Vifaru vilipoishiwa mafuta ng'ambo ya milima ya Khingan, ndege ndizo zilizovipelekea.

Desemba 1945 alikamatwa. Alishitakiwa kwamba aliandikwa na Waingereza kuwa mpelelezi wao huko Baku mwaka wa 1918. Shitaka la ajabu! Serikali iliyomtuma kukaa meza moja na Waingereza hao ilikumbuka ujana wake baada tu ya vita kwisha. Mwaka wa 1946 mkuu wake, Novikov, naye alitiwa gerezani. Huyo aliishi, akafunguliwa baadaye.

Khudyakov hakuishi. Alikaa kifungoni miaka 4 na zaidi, akahukumiwa kwa siri, pasipo wafanya kazi wala askari wake kusikia ushahidi wowote, na akapigwa risasi siku ile ile ya hukumu, tarehe 18 Aprili 1950. Mkewe na mwanawe walipelekwa uhamishoni Siberia, ingawa wao hawakushitakiwa kwa lolote.

Mwaka wa 1954 hukumu ilifutwa, ikathibitishwa kwamba hakuwa na kosa. Cheo chake na nishani zake zilirudishwa mwaka wa 1965, miaka 20 baada ya kukamatwa.