Francis Lee Jaques: Mchoraji wa Bata na Vinamasi

Ukiwa hapa Minneapolis na Saint Paul na umepata saa moja ya bure, nenda Bell Museum, makumbusho ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Simama mbele ya kioo kikubwa chenye korongo nyuma yake. Utaona nyasi, maji na anga inayofika mpaka upeo wa macho. Kumbe ile anga yote ni ukuta uliopakwa rangi! Aliyeupaka ni Mzee Francis Lee Jaques, na maisha yake yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Jaques alizaliwa mwaka 1887 huko Geneseo, Illinois. Akiwa kijana, familia yake ilihamia Aitkin, Minnesota, sehemu yenye maziwa na vinamasi tele. Maisha hayakuwa mteremko. Alifanya kazi ya kukausha na kujaza ngozi za ndege na wanyama, akatia makaa kwenye injini za garimoshi, akaenda jeshini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Uchoraji alijifunza zaidi kwa kutazama, na pia kwa msaada wa Clarence Rosenkranz, mchoraji wa mji wa Duluth. Alikuwa mwindaji wa bata, kwa hiyo alijua bata anavyokunja bawa anapotua majini.

Mwaka 1924, akiwa na miaka zaidi ya 36, aliajiriwa na makumbusho makubwa ya viumbe ya New York baada ya kuwatumia picha zake. Huko alifanya kazi mpaka 1942, akasafiri hadi Panama, bahari za kaskazini na visiwa vya Pasifiki. Mwaka 1927 alimwoa Florence Page, mwandishi. Bibi akaandika, bwana akachora, na vitabu vyao vikapendwa sana, kikiwemo Canoe Country cha 1938.

Minnesota hakuisahau. Daktari Thomas Sadler Roberts wa Minneapolis, aliyeacha kutibu watu ili ashughulikie ndege, alitumia picha zake katika kitabu kikubwa cha ndege wa Minnesota cha 1932. Jengo jipya la makumbusho lilipofunguliwa 1940, Jaques ndiye aliyekuja kuchora mandhari nyuma ya wanyama.

Kazi yenyewe si mchezo. Ukuta hupindwa ili pembe zisionekane. Mbele huwekwa wanyama waliojazwa na mimea ya kutengeneza, na pale ardhi inapokutana na ukuta jicho lisigundue. Tena si kinamasi cha kubuni. Ni mahali fulani, msimu fulani. Mtoto asiyejua kusoma anaelewa nani anaishi wapi na anakula nini. Maandishi pembeni yanamalizia tu.

Kwa nini ilikuwa muhimu? Kwa sababu wakulima walikuwa wakichimba mifereji na kukausha maji. Minnesota imepoteza takriban nusu ya ardhioevu yake ya zamani, na kufikia miaka ya 1940 korongo wa kijivu walikuwa wamebaki wachache mno. Baadaye walirudi kwa wingi. Hatusemi kwamba picha ndiyo iliyowaokoa, maana sheria na ulinzi wa vinamasi vilifanya kazi yake. Lakini mtu hatetei kitu asichokijua.

Jaques alistaafia North Oaks, karibu na Saint Paul, akafariki mwaka 1969. Kuta zake hazikutupwa. Makumbusho yalipohamia kampasi ya Saint Paul, zilihamishwa pia, na mwaka 2018 milango ikafunguliwa upya.

Sasa tujiulize. Korongo taji yumo kwenye bendera ya Uganda, naye huzaa katika vinamasi. Tangu 2012 amewekwa kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka, na kinamasi kwa wengi wetu bado ni shamba linalosubiri kukaushwa, au mahali pa mbu tu. Nani atamchorea bibi yetu kijijini kibao kando ya maji, chenye picha ya ndege wake na maneno machache ya lugha yake? Wewe unayesoma biolojia hapa, mtafute mwenzako anayejua kuchora. Jaques alianza kwa kutazama bata wa kwao. Sisi pia wa kwetu tunao.