Maisha ya Blaise Pascal

Katika kifungu hiki tunasimulia maisha ya Blaise Pascal, aliyezaliwa Clermont, Ufaransa, mwaka 1623. Alifiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka 3. Hakupelekwa shuleni, bali alifundishwa nyumbani na baba yake, Étienne. Baba alitaka lugha zitangulie. Kwa hiyo mtoto alikatazwa hisabati. Dada yake Gilberte alisimulia kwamba Blaise, alipokuwa na miaka 12, alichora maumbo sakafuni kwa makaa, akagundua peke yake kwamba jumla ya pembe za pembetatu ni sawa na pembemraba mbili. Baba aliondoa katazo, akampa kitabu cha Euclid. Mwaka 1642 Blaise alianza kuunda mashine ya kumrahisishia baba yake hesabu za kodi. Alifariki mwaka 1662. Tutambue kwamba vitenzi alifundishwa na alikatazwa vimo katika kauli ya kutendwa, ilhali kitenzi akagundua kimo katika kauli ya kutenda.