Louis Leakey na Silaha Kongwe za Olorgesailie

Jina la Louis Leakey si geni kwa yeyote aliyepitia somo la historia katika shule zetu. Aghalabu hutajwa sambamba na fuvu la Olduvai na suala la chimbuko la binadamu, kisha mwalimu husonga mbele. Makala haya yanamtazama kwa upande ambao hauzungumziwi sana, yaani kama mkusanyaji wa silaha. Wapo ulimwenguni watu ambao hutumia umri na mali yao kutafuta bunduki za kale, hususan zile za majaribio ambazo kiwanda kiliunda moja au mbili tu. Nchini Kenya, ambako sheria ya bunduki ni kali, mapenzi ya aina hiyo si ya kila mtu. Hata hivyo, Kajiado ina ghala la silaha za majaribio lisilohitaji leseni. Msomaji aliyeko Kitengela akishuka hadi Isinya, akakata kuelekea Kiserian, kisha akateremka kwa barabara ya Magadi kupitia Corner Baridi, atafika Olorgesailie, ambako mashoka ya mawe yamelala pale pale yalipopatikana.

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa wamishenari wa Kanisa la Anglikana. Alikulia miongoni mwa watoto wa Kikuyu, akaisema lugha yao kama mzawa, akajifunza kwa wazee namna ya kuwinda kwa kunyatia, na hatimaye akaingizwa katika rika la vijana wenzake na kupewa jina la Wakuruigi. Akiwa angali mvulana, alipewa zawadi ya Krismasi, kitabu cha watoto kilichosimulia maisha ya watu wa Enzi ya Mawe huko Uingereza. Kitabu hicho kilimwambia kwamba watu wa kale walichonga silaha zao kwa jiwe la gumegume. Louis hakuwahi kuliona jiwe hilo, kwa sababu Kabete halipo. Alichokiona, kila mvua iliponyesha na kuosha udongo, ni vipande vyeusi vya jiwe la volkeno ling'aalo kama kioo. Akavidhania kuwa ndivyo, akavikusanya.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kutua. Neno gumegume katika lugha yetu hubeba maana mbili: jiwe litoalo cheche, na bunduki ya kale iliyofyatuliwa kwa cheche za jiwe hilo. Neno moja limeunganisha silaha ya kwanza ya mwanadamu na mojawapo ya zile za karne za karibuni. Wakikuyu nao walikuwa na jina lao kwa vipande vile vyeusi. Waliviita nyembe za mizimu, wakaamini kwamba vilishuka pamoja na mvua. Maelezo hayo hayakuwa ya kipuuzi kama yanavyoweza kudhaniwa. Waliona sawasawa kwamba ni vyembe, na kwamba mvua ndiyo iliyovidhihirisha. Walilokosa ni umri tu.

Kijana huyo alipeleka mkusanyiko wake kwa Arthur Loveridge, aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Nairobi. Loveridge hakumcheka. Alimthibitishia kwamba baadhi ya vipande vilikuwa zana za kale kwa hakika, akamhimiza aandike mahali kila kimoja kilipookotwa. Shauri hilo la mwisho, kwa maoni yangu, lilikuwa na thamani kuliko sifa zote.

Mwaka wa 1922 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko alikishawishi chuo kiikubali lugha ya Kikuyu miongoni mwa lugha za kutahiniwa, jambo ambalo sisi tunaopigania nafasi ya lugha za Kiafrika vyuoni tunapaswa kulikumbuka. Aliumia kichwani katika mchezo wa raga, akaamriwa kupumzisha masomo, na mwaka wa 1924 akaandamana na msafara wa kuchimba mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, Tanganyika. Alihitimu mwaka wa 1926 kwa alama za juu kabisa, akarejea Kenya kuongoza misafara yake mwenyewe. Mwaka wa 1931 alifika Olduvai pamoja na Hans Reck wa Ujerumani, aliyekuwa na yakini kwamba bonde lile halina zana za mawe. Wakawekeana dau la pauni 10. Leakey alishinda kabla ya siku moja kwisha.

Ushindi humlevya mtu. Mwaka wa 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Viktoria, msaidizi wake Juma Gitau alipata kipande cha taya ambacho Leakey alikitangaza kuwa cha binadamu wa kale mno. Wenzake wa Uingereza walikipokea kwa shangwe. Mwaka wa 1935 mwanajiolojia Percy Boswell alikuja kujionea mahali penyewe, na Leakey akashindwa kumwonyesha. Vigingi vya chuma alivyovisimika kama alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji kwa matumizi yao, na picha alizozitegemea hazikufaa. Boswell aliandika lawama zake katika jarida la Nature, na jina la Leakey likachafuka kwa miaka mingi. Shauri la Loveridge lilikuwa limesahauliwa kwa mara moja tu. Anayekusanya bunduki anaweza kusoma namba iliyochorwa kwenye chuma akajua ilikotoka. Jiwe na mfupa havina namba. Vikishaondolewa ardhini bila kumbukumbu thabiti, haviwezi tena kutoa ushahidi.

Ni katika hali hiyo ambapo Olorgesailie inaingia katika maisha yake. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, Leakey alitumikia idara ya ujasusi ya serikali ya kikoloni, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuwapelekea wapiganaji wa Ethiopia bunduki za kupambana na Waitaliano. Siku za mapumziko alirudi kwenye mawe. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1942, yeye na mkewe, Mary, waliteremka katika Bonde la Ufa, mahali ambapo mwanajiolojia J. W. Gregory aliwahi kuokota zana mwaka wa 1919. Walitembea wakiwa wameachana kidogo, macho chini, na karibu wakati mmoja kila mmoja akamwita mwenzake. Mashoka ya mawe yalikuwa yametapakaa juu ya ardhi kwa mamia. Wachimbaji waliopatikana kwa kazi iliyofuata walikuwa wafungwa wa vita wa Kiitaliano.

Shoka la aina hiyo halina mpini. Ni jiwe lililochongwa pande zote mbili hadi likapata ncha na makali, likashikwa kwa kiganja. Leakey alijifunza kuyachonga mwenyewe, na alipenda kumchuna mnyama kwa jiwe mbele ya hadhira ili kuwanyamazisha waliodhani ni butu. Palipatikana pia mawe ya mviringo. Leakey alidai kwamba yalifungwa kwa kamba za ngozi na kurushwa kwenye miguu ya mnyama anayekimbia. Dai hilo halijathibitishwa, nami naliona limetokana zaidi na moyo wa mwindaji kuliko na ardhi. Hata mrundikano wenyewe ulizua maswali. Glynn Isaac, aliyechimba hapo katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba huenda maji ya vijito yalichangia kuyakusanya mashoka pamoja.

Lakini lenye uzito zaidi ni uamuzi wa kuyaacha. Sehemu moja yenye mamia ya mashoka haikuguswa. Ilijengewa paa na njia ya mbao ya kupita juu yake, na mwaka wa 1947, ulipofanyika Nairobi mkutano wa kwanza wa Afrika nzima kuhusu historia ya kale, wajumbe walipelekwa kuyatazama. Mtu aliyeaibishwa Kanam kwa kupoteza mahali alikuwa sasa amepahifadhi mahali. Tulinganishe na fuvu la Proconsul, ambalo Mary alilipata katika kisiwa cha Rusinga mwaka wa 1948. Lilisafirishwa London kwa mkopo, na halikurudi Kenya hadi mwaka wa 1982. Fuvu la Olduvai la mwaka 1959, lililopatikana pia na Mary, lilihifadhiwa Nairobi hadi mwaka wa 1965 liliporudishwa Tanzania. Mashoka ya sehemu ile ya Olorgesailie hayakuhitaji kudaiwa na mtu.

Haitakuwa haki kumsifu tu. Lugha ileile aliyoitetea Cambridge aliitumia katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria mwishoni mwa 1952, alipokuwa mkalimani wa mahakama ilhali alikuwa ameandika dhidi ya Mau Mau. Mawakili wa utetezi walilalamika kwamba anaegemea upande mmoja, akajiondoa. Mimi nawaunga mkono mawakili wale. Aidha, majina ya Juma Gitau na Heselon Mukiri, rafiki yake wa tangu utotoni aliyechimba naye kwa miongo mingi, ni nadra kutajwa katika vitabu vyetu vya shule, ingawa mikono yao ndiyo iliyogusa vitu vingi kwanza.

Leakey alikuwa msimamizi wa Makumbusho ya Coryndon hadi mwaka wa 1961. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Uchunguzi wa Olorgesailie uliendelezwa tangu mwaka wa 1985 na Richard Potts wa Taasisi ya Smithsonian pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tabaka zenye mashoka makubwa zina umri wa kati ya takriban miaka milioni 1.2 na nusu milioni. Mwaka wa 2018 watafiti walitangaza zana ndogo zilizochongwa kwa ustadi zaidi, zenye umri wa miaka ipatayo 320,000. Baadhi yake ni za jiwe lile lile jeusi ling'aalo kama kioo, na chimbuko lake si Olorgesailie. Lilibebwa hadi hapo kutoka mbali, jingine mwendo wa zaidi ya kilomita 90.