Malik Ambar: Mtumwa Aliyetawala Pasi na Taji

Machakos ni mji uliobeba jina la mtu. Wageni walilipotoa katika kulitamka, lakini Masaku wa Wakamba hakusahauliwa. Ng'ambo ya bahari, huko Dekani katika Bara Hindi, uko mji mwingine ulioasisiwa na Mwafrika, naye hakubahatika hivyo.

Mtu huyo ni Malik Ambar. Alizaliwa Uhabeshi yapata mwaka 1548, akatiwa utumwani angali mdogo, akauzwa soko hadi soko mpaka Baghdad. Huko bwana wake alimsomesha na kumpa jina la Ambar. Ambari twaijua sisi wa pwani, na desturi ya kuwapa watumwa majina ya manukato si ngeni kwetu.

Mwisho akafikishwa Ahmadnagar, akanunuliwa na waziri Chingiz Khan, aliyekuwa naye Mhabeshi na mtumwa wa zamani. Waziri alipofariki, mjane wake alimwacha huru Ambar. Basi akawa askari wa kukodiwa, akakusanya wapanda farasi wake mwenyewe.

Mwaka 1600 majeshi ya Akbar yaliuteka mji wa Ahmadnagar na kumfunga mfalme. Hapo ndipo Ambar alipoonyesha akili yake. Hakukalia kiti. Alimtafuta kijana wa ukoo wa kifalme, Murtaza, akamwoza binti yake, akamvika taji. Yeye akashika hatamu. Alijua fika kwamba wakuu wa Dekani wangemtii mtumwa akiwa nyuma ya kiti, si juu yake.

Lakini utumwa haukumtoka midomoni mwa watu. Yasimuliwa kwamba mke mwingine wa mfalme, Mwajemi, alimtukana binti Ambar kwa asili yake. Mwaka 1610 mfalme na mke huyo wakafa kwa sumu, na lawama zikamwangukia Ambar. Akamtawaza mtoto wa marehemu, mambo yakaendelea.

Jahangir, mwana wa Akbar, alimchukia mno hata akachorwa picha akikipiga mshale kichwa cha Ambar kilichotungikwa juu ya mkuki. Kichwa chenyewe hakukipata ng'o! Ambar na wapanda farasi wake wa Kimaratha walishambulia usiku na kukata njia za chakula. Mwaka 1624, pale Bhatvadi, akikaribia miaka themanini, alifungulia maji ya ziwa, adui wakakwama topeni, akawavunja.

Alifariki 1626, akazikwa Khuldabad. Haikupita miaka kumi dola ikaanguka. Mwanawe Fateh Khan ndiye aliyeikabidhi ngome ya Daulatabad kwa adui.

Na mji wake? Aliuanzisha mwaka 1610, ukiitwa Khadki. Mwanawe aliuita Fatehnagar, Aurangzeb akauita Aurangabad, na mwaka 2023 ukabadilishwa tena kuwa Chhatrapati Sambhajinagar. Chini ya ardhi yake, hata hivyo, umo mfereji aliouchimbisha kuleta maji kutoka milimani, na wenyeji wangali wauita Nahr-e-Ambari, Mto wa Ambar.