Grogan, Mali na Kiti cha Baraza

Kila nipitapo Taveta, macho yangu huvutwa na jumba la kilimani lililojengwa na Ewart Grogan. Bwana huyo alizaliwa Uingereza mwaka 1874. Kati ya 1898 na 1900 alisafiri kutoka Rasi hadi Kairo, sehemu kubwa kwa miguu, ili akubaliwe kumwoa Gertrude. Kisha alihamia Kenya, akajipatia misitu, ardhi ya ufuoni Mombasa na mashamba makubwa ya mkonge Taveta.

Mwaka 1907 aliwacharaza Waafrika viboko mbele ya mahakama ya Nairobi. Alifungwa muda mfupi tu, na hatimaye akaketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Simnyimi haki yake: aliitoa ardhi ya hospitali ya watoto yenye jina la Gertrude. Alifariki mwaka 1967.

Ama leo, tajiri hana haja ya kuketi barazani. Yatosha amgharamie atakayeketi. Katiba ya 2010 iliipa tume ya uchaguzi mamlaka ya kudhibiti fedha za kampeni, na sheria ikapitishwa 2013. Hata hivyo, utekelezaji wake uliahirishwa kabla ya uchaguzi wa 2017, na mwaka 2021 wabunge wakazikataa kanuni za tume. Waliopaswa kufungwa ndio walioshika kamba.

Maskwota wa Taveta wanaodai ardhi wana haki ya kujua ni nani anayemlipia mgombea, kabla hawajampa kura.