Ladi Kwali: Chuma Kilekile, Rangi Nyingine

Ukishinda siku kwenye mashamba ya kahawa ya Umatengo, unarudi Mbinga mjini na miguu myekundu. Wekundu huo ni oksidi ya chuma, ndugu yake kutu, na ndio unaopamba vyungu vya Wakisi wa Ikombe, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Sasa, chuma hichohicho hutoa hata kijani. Mama mmoja wa Nigeria, Ladi Kwali, alipata sifa kubwa kwa kijani hicho.

Alizaliwa mnamo 1925 hivi katika kijiji cha Kwali, akafundishwa kufinyanga na shangazi yake. Alipandisha misokoto ya udongo huku yeye mwenyewe akiuzunguka mtungi, kisha akachora mijusi, nge na mamba. Mitungi ilichomwa uwanjani, ikatoka myekundu. Mingine ilifika kwenye jumba la mtawala wa Abuja, na huko Mwingereza Michael Cardew akaiona. Mwaka 1954 Ladi akajiunga na chuo cha ufinyanzi cha Cardew, mwanamke wa kwanza pale.

Chuoni kulikuwa na glezi, yaani kioo chembamba kinachoyeyukia juu ya udongo kwenye joto la karibu nyuzi 1,300. Moto ukinyimwa hewa, hunyang'anya oksijeni kutoka kwenye oksidi ya chuma. Chuma kikiwa kidogo, glezi inakuwa ya kijani. Kikizidi, kahawia hadi nyeusi. Shaba ina ukaidi wake: penye hewa kijani, pasipo hewa nyekundu! Ladi alijaza michoro yake udongo mweupe, ikaonekana vizuri chini ya kijani.

Akafanya maonyesho London. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kikampa udaktari wa heshima, mtu ambaye hakuwahi kukaa kimbweta wala kusubiri boom. Alifariki 1984, na leo yupo kwenye noti ya naira 20.

Ila kuna kitu kilipotea. Mtungi wa kijijini hutoa jasho, ndiyo maana maji yanapoa. Wenye glezi hautoi jasho; ukaishia kwenye makabati ya makumbusho. Mimi naona hiyo ni bei kubwa, ingawa bila glezi huenda tusingelijua jina lake.

Miaka ya 1970 Mkenya Magdalene Odundo alikwenda Abuja, akajifunza kwa Ladi na wenzake kufinyanga kwa mkono. Yeye glezi aliiacha. Vyungu vyake husuguliwa tu mpaka ving'ae: vikichomwa penye hewa vinatoka vya rangi ya chungwa, hewa ikizibwa vinatoka vyeusi.