Nishani ya Lettow-Vorbeck

Jina la Paul von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani katika Afrika ya Mashariki, lilivuma kwanza Tanga. Novemba 1914 meli za Waingereza zilishusha huko askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Yeye alikuwa na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Akauokoa mji, ijapokuwa Gavana Schnee hakupenda vita vipiganwe hapo. Mwaka 1916 Kaisari alimtunuku nishani kuu, Pour le Mérite. Ushujaa wake hatuukani. Lakini twauliza habari za wapagazi waliomchukulia mizigo mpaka 1918, wengi kwa kulazimishwa, wakafa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, wengine wasiandikwe hata majina. Yeye alifariki Hamburg, Machi 1964, mwenye miaka 93.